Muhanga wa Dada Kopi na msomaji aliyejua mengi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Shata la chuma la duka la fotokopi limeinuliwa hadi usawa wa magoti, likaachwa hapo hapo. Anayetaka kuingia itabidi atambae, na mpaka leo hajapatikana mteja wa kutambaa kwa ajili ya nakala mbili za cheti. Ndivyo mwenyewe anavyotaka.

Ndani, mwanamke wa miaka ishirini na tisa anafuta kioo cha skana kwa kipande cha fulana kuukuu. Mkononi ana karatasi kumi na mbili zenye michoro ya wino mweusi. Analaza ya kwanza kifudifudi, anafunika, anabonyeza. Mwanga unapita chini ya kifuniko taratibu. Analaza ya pili.

Kwenye karatasi hiyo ya pili kuna mnyama mwenye masikio ya punda, pua ndefu na mgongo uliopinda. Anachimba ukuta wa mawe kwa kucha. Nyuma yake amesimama msichana aliyemshika mkia, na ukitazama vizuri utagundua kwamba jua linawaka lakini msichana hana kivuli.

"Huyo ni Muhanga," anasema, kwa sauti ya mtu anayetambulisha mjomba wake. "Usimguse masikio, wino haujakauka."

Mtaani humwita Dada Kopi, na jina limemkaa. Wateja wanamjua kwa kutoa fotokopi, kupiga picha za vitambulisho, kuchapa barua za kuomba kazi na kufunga ripoti za wanafunzi kwa waya wa plastiki. Kwa siku hupitisha karatasi kama mia tisa. Wachache sana wanajua kwamba kila Ijumaa saa sita mchana, wakati yeye anakula chakula chake nyuma ya kaunta, watu elfu thelathini na nane hufungua simu zao kuangalia Muhanga amefika wapi.

Hadithi yake ya katuni inaitwa *Milango Tisa*. Ipo mtandaoni tu, haijawahi kuwa kitabu. Inamhusu msichana aliyeamka asubuhi akakuta kivuli chake kimeibwa na mizimu ya wanyama. Muhanga, anayeweza kuchimba mlango mahali popote, anakubali kumpeleka kukitafuta. Kila mlango una mzimu wake, na kila mzimu unataka malipo. Bundi alidai usingizi wa wiki nzima. Nungunungu alitaka aambiwe uongo ambao haujawahi kusemwa na mtu. Kobe hakutaka kitu ila asubiriwe amalize kuongea, na alichukua sehemu sita kumaliza.

Muhanga ni mnyama wa kweli, ingawa wengi huishi na kufa bila kumtia machoni. Hulala mchana kutwa shimoni, giza likiingia hutoka kutafuta mchwa. Dada Kopi mwenyewe hajawahi kumwona. Anamchora kutoka kwenye picha, na kutoka kwenye kitu anachokiita "nilivyosikia".

Ukigeuza karatasi anazochorea unapata kichekesho kingine. Nyuma ya Bundi kuna nusu ya mkataba wa kupanga chumba. Nyuma ya Kobe kuna mtihani wa hesabu wa darasa la sita, umefifia upande mmoja. Zote ni karatasi zilizoharibika kwenye mashine, na mwenye duka amemruhusu azichukue.

"Mimi nahesabu karatasi nzuri," anasema mwenye duka, mama wa makamo anayekuja saa tatu na kuondoka saa nne akiwa ameshalalamika vya kutosha. "Zilizoharibika achukue. Ila siku moja niliona zinaharibika nyingi mno, nikamwambia, mwanangu, naona Muhanga wako sasa anachimba na mashine yangu."

Dada Kopi anacheka akisikia hivyo, lakini hakanushi.

Mshahara wake, nusu unaishia kwenye kodi ya vyumba viwili anavyoishi na baba yake. Wasomaji humtumia chochote kwa hiari yao. Mwezi mzuri michango hiyo hulipia wino, bando na dawa ya mgongo ya mzee. Mwezi mbaya hulipia wino. Amefanya hivyo miaka mitatu mfululizo, sehemu mia moja arobaini na moja, kurasa zinazokaribia elfu moja na mia saba.

Ukimuuliza hadithi kaitoa wapi, hafikirii mara mbili.

"Ni za Baba," anasema. "Alikuwa dereva wa malori. Mimi nina miaka minne, yeye yuko barabarani wiki mbili, wiki tatu. Tulikuwa na simu moja, ya mwenye nyumba, imepigiliwa ukutani kwenye korido. Saa moja jioni Baba anapiga. Sarafu zikiisha kule, hadithi imekatika. Kesho tena. Ndiyo maana mimi hodari wa kukata sehemu pabaya, watu wanitukane wiki nzima."

Kwa hiyo chini ya kila sehemu, kwa herufi ndogo za mkono, huandika maneno yale yale: *Hadithi: Baba. Michoro: Dada Kopi.* Ameyaandika mara mia moja arobaini na moja.

Tatizo ni mlango wa tisa.

Milango minane imeshachorwa, kwa sababu minane anaikumbuka. Wa tisa, ambako kivuli kimefichwa, haukumbuki hata kidogo. Amemuuliza baba yake mara nyingi, na kila mara mzee humjibu, "Nimesahau, mwanangu. Barabara ilikuwa ndefu." Kisha huomba chai.

Hivyo msichana na Muhanga wamekwama. Kwa wiki saba sasa Muhanga anachimba ukuta mmoja, na wasomaji si watu wa kunyamaza. Mmoja aliandika, "Huyu anachimba mlango au kisima?" Mwingine akataka kujua kama Muhanga analipwa kwa siku.

Mzaha ungekuwa mzaha tu kama si mchapishaji. Miezi miwili iliyopita kampuni moja ya vitabu ilimwandikia. Wanataka kuitoa *Milango Tisa* kama kitabu, na malipo ya awali ni sawa na mshahara wake wa miezi minane. Sharti lao ni moja, hadithi iwe imekamilika, na wanaitaka kabla ya mwisho wa mwezi huu. Siku tulipomtembelea mara ya kwanza zilibaki siku kumi na tisa.

"Tunga," mwenye duka alimshauri. "Weka simba pale mwisho, nani atajua?"

Alijaribu. Alichora kurasa kumi na nne zenye simba kwenye mlango wa tisa. Simba alikuwa mzuri, manyoya yake yalimchukua siku mbili. Alipomaliza akazisoma kuanzia mwanzo, akaziweka kando.

"Ilikuwa kama kumkuta mtu usiyemjua amekaa kwenye kitanda chako," anasema. "Tena amevua viatu kabisa."

Kurasa hizo sasa zimo kwenye boksi la karatasi zilizoharibika.

Lakini kabla ya simba, kilitokea kituko kingine, na hicho ndicho kilichomleta mwandishi wa makala haya kwenye duka hili.

Miezi minne iliyopita mwenye duka alinunua mashine mpya. Ile ya zamani, ukiweka rundo la karatasi juu yake, ilikuwa inavuta kuanzia ya juu. Mpya inavuta kuanzia ya chini. Dada Kopi alilijua hilo, maana ndiye aliyesoma maelekezo. Ila Ijumaa moja alichelewa, nje kulikuwa na mteja na watoto wake wanne wa kupigwa picha za pasipoti, na mkono ukafanya ulichozoea. Aliweka rundo la kurasa kumi na mbili, akabonyeza, akapandisha mtandaoni bila kutazama, akaenda kumbembeleza mtoto wa tatu afunge mdomo.

Sehemu nzima ilitoka kinyumenyume. Ilikuwa sehemu ya mlango wa nane, wa Fisi, ambaye malipo yake ni kicheko cha msichana. Wasomaji wakamwona msichana anatoka kwanza halafu anaingia. Wakamwona Fisi anacheka, kisha anakirudisha kicheko kwa mwenyewe, kisha anamkaribisha kwa heshima kama mgeni ambaye hajafika.

"Mpaka namaliza na watoto wale, maoni mia sita," anasema. "Nikajua nimekwisha."

Hakukwisha. Nusu ya wasomaji waliamini ni ufundi. Walibishana siku tatu kuhusu maana ya muda katika nchi ya mizimu, na bwana mmoja aliandika maelezo marefu kuliko sehemu yenyewe. Dada Kopi aliacha waendelee. Tangu siku hiyo hulaza ukurasa mmoja mmoja kwenye kioo kwa mkono, kama tulivyomkuta.

Katika maoni yale mia sita, moja lilimsimamisha. Lilitoka kwa msomaji anayejiita Kwato Moja, na lilisema: "Hata ukiisoma kinyumenyume, hapo kwa Fisi umeruka. Msichana hakutoa kicheko chote. Alibakiza kidogo chini ya ulimi."

Dada Kopi aliweka simu chini. Kisha akaishika tena.

"Nywele zilinisimama," anasema. "Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa. Aliposema tu, nikakumbuka, chini ya ulimi. Sasa huyu kajuaje? Sijachora, sijaandika, sijamwambia mtu."

Mtu mwingine angeogopa, au angepuuza. Yeye, kwa kuwa ni mtu wa fotokopi, alichapisha. Alirudi nyuma hadi sehemu ya kwanza, akatafuta kila neno lililoandikwa na Kwato Moja kwa miaka mitatu, akayatoa kwenye karatasi na kuyafunga kwa waya wa plastiki, na jalada la bluu juu. Yalikuwa maoni ishirini na matatu. Hakuna hata moja la kusifu. Yote yalikuwa masahihisho.

*Kobe hakuwa mzee. Alijizeesha ili aheshimiwe.*

*Bundi hakukaa kwenye mti. Alikaa juu ya kabati.*

*Nungunungu ana mwiba mmoja usio wake, ule wa katikati. Aliuazima.*

Alipoyasoma mfululizo aliona kitu cha pili. Masahihisho ya mwaka wa kwanza yalikuwa marefu na ya upole. Ya mwaka wa tatu yalikuwa mafupi, kama ya mtu aliyechoka kurudia.

Alimwandikia Kwato Moja mara tatu kuuliza wewe ni nani. Hakujibiwa hata mara moja. Akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku mtoto wa mwenye nyumba wa zamani, akamshuku hata utingo aliyekuwa akisafiri na baba yake, ambaye huenda alisikia hadithi zikisimuliwa kwenye kibanda cha simu. Mwenye duka, aliposikia, alitikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaenda kufungua boksi la karatasi.

Jumapili ya ziara yetu ya pili tulimkuta nyumbani. Chumba cha mbele kina meza ya kuchorea iliyotengenezwa kwa mlango wa kabati, viti viwili, na kochi ambalo ni la baba yake na la mtu mwingine yeyote mzee akiwa hayupo. Mzee ana miaka sitini na minane. Alikuwa amekaa na mto mgongoni, miwani puani.

Dada Kopi alikuwa ameamua siku hiyo ampe kitabu cha jalada la bluu. Kwa nini hakumpa mapema? "Niliogopa atajua kwamba nimekosea hadithi zake," alituambia mlangoni, kwa sauti ya chini.

Mzee alisoma polepole, akilamba kidole kila akigeuza ukurasa. Kwa Kobe alitabasamu. Alipofika kwa Nungunungu alivua miwani.

"Huyu ni dada yako," alisema.

"Dada gani?"

"Una dada wangapi? Mama yenu alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Dada yako aliichukua kuchezea, akaipoteza. Nyumba haikukalika wiki nzima. Akasema hajaipoteza, ameiazima nungunungu. Mwiba wa katikati ndiyo ile sindano."

Dada Kopi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa Baba, wewe uliiweka kwenye hadithi?"

Mzee alikunja miwani, akaifungua, akaikunja tena.

"Mwanangu, mimi sikuwa na hadithi," alisema. "Nilikuwa na sarafu za dakika mbili. Dakika mbili unamwambia mtoto nini? Mmekula? Mama yupo? Basi. Siku moja mnyama wa ajabu alivuka barabara mbele ya taa, masikio kama punda. Nikamwambia dada yako kwenye simu, leo nimeona mnyama hivi na hivi. Akaniuliza, alikuwa anaenda wapi? Nikamwambia sijui, wewe unaonaje? Simu ikakatika. Mimi niliona mnyama tu. Milango yote ni yake yeye."

Ilibidi yaelezwe mara ya pili ndipo yaeleweke. Simu ya mwenye nyumba ilikuwa juu ukutani. Dada mtu, wa miaka tisa, alipanda kwenye stuli ndipo aifikie. Mdogo alibaki chini, ameshika miguu ya stuli, hasikii kitu. Mama yao, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa zamu ya jioni kiwandani. Simu ikikatika mdogo alikuwa analia kwamba hajaongea na Baba. Hapo dada mtu alikuwa anashuka, anamchukua, anamlaza, na kuanza: Baba anasema Muhanga leo amefika kwa Bundi. Baba anasema Bundi amekaa juu ya kabati.

Dakika mbili za simu zilizaa saa nzima ya hadithi, kila jioni, kwa karibu mwaka mmoja.

"Na wewe Baba ukanyamaza miaka mitatu?" Dada Kopi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya kucheka tena. "Kila wiki nakusomea. Kila wiki naandika 'Hadithi: Baba.' Unaangalia tu?"

"Niliona raha," mzee alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Utoto wenu wote nilikuwa barabarani. Halafu naambiwa kumbe nilikuwa nasimulia hadithi. Nani angekataa? Nilijua si haki. Nisamehe, mwanangu."

Dada Kopi aliinuka, akaenda kusimama dirishani akitugeuzia mgongo. Alikuwa na hasira na baba yake, alituambia baadaye, lakini aibu ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Miaka mitatu iliyopita alimtumia dada yake sehemu ya kwanza kabisa. Dada alijibu maneno mawili: "Nzuri. Hongera." Baada ya hapo simu zake zilipungua, zikabaki za kuuliza afya ya mzee mara moja kwa mwezi. Yeye alidhani kazi imembana. Dada yake ni msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali moja ya mji mwingine, mashuka mia nne kwa siku, na mtu anayefua mashuka mia nne huwezi kumlaumu kwamba hapigi simu.

Alipiga simu pale pale, akaweka spika ili baba yake naye asikie. Nyuma ya sauti ya dada mashine zilikuwa zinanguruma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Baba mzima?"

"Mzima. Yuko hapa. Na kuna mwandishi wa gazeti."

"Msalimie. Mwambie aniandike nimependeza." Kisha akauliza, "Kuna nini?"

"Kwato Moja," alisema Dada Kopi.

Mashine ziliendelea kunguruma. Ulisikika mlango ukifungwa, na mngurumo ukapungua.

"Umechelewa kujua," alisema dada. "Nilidhani kwa Kobe ungeshtuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliudhika. Nakuambia ukweli, niliudhika sana. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Siku nzima darasani natafuta huyu Muhanga jioni atafika wapi, maana usipopata hadithi hulali. Halafu nimekuwa mtu mzima, nafungua simu kwenye chakula cha mchana, nakuta 'Hadithi: Baba.'"

"Sasa si ungesema, dada? Siku ile ile ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba Baba alikuwa anauliza mmekula, basi? Wewe ulimpenda Baba kwa zile hadithi. Mimi ndiye niliyekupa. Ningekunyang'anya vipi?"

Kwenye kochi, mzee alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa shati, hafichi. Aliomba simu. Akasema maneno machache ambayo tuliombwa tusiyaandike, na hatutayaandika. Dada alimjibu, "Basi, Baba. Yameisha." Mzee alirudisha simu kwa binti yake mdogo kwa mikono miwili.

Dada Kopi alikuwa na swali moja tu lililobaki, na aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

"Mlango wa tisa upo?"

"Upo. Tangu zamani upo."

"Mbona siujui?"

"Wewe ulikuwa unalala," alisema dada. "Kila nikianza wa tisa, umeshalala. Kesho yake unataka turudi mwanzo. Nikawa nao mwenyewe mpaka leo."

Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba alitega masikio, akingoja kusikia kivuli kiko wapi. Hakusikia. Dada alikataa kuusema kwa simu.

"Za kwenye simu zilikuwa za Baba," alisema. "Huu nitakuja nikuambie mwenyewe. Nina likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe tano."

Tarehe tano ni ya mwezi ujao. Mchapishaji anataka hadithi mwisho wa mwezi huu. Dada Kopi alihesabu kwa vidole, ingawa hesabu hiyo haikuhitaji vidole, kisha akasema, "Njoo tu, dada. Nakungoja."

Jumatatu aliwaandikia wachapishaji kuomba wiki tatu zaidi. Walijibu kwa heshima kwamba hawawezi kuahidi, wana waandishi wengine kwenye foleni. Mwenye duka alipoambiwa alikaa kwenye kiti cha kupigia picha, akapepea uso kwa bahasha. "Mshahara wa miezi minane," alisema. "Na simba umeshamchora." Kisha akasema kwamba dada mtu akija, duka linaweza kufunguliwa saa nne wiki hiyo, lakini asiambiwe mtu.

Je, Dada Kopi haoni hasara? Anaona, na hajifanyi haoni. Pesa hizo zingelipa daktari wa mgongo na kununua kompyuta ya kuchorea. Anasema usiku mmoja alikosa usingizi akiwaza kama amekuwa mjinga. Lakini kitabu chenye mwisho wa kubandika, na jina lisilo la mwenyewe kwenye jalada, hangeweza kumpelekea dada yake.

Kwa sasa ana kazi nyingine. Kila asubuhi, shata likiwa magotini, hufungua sehemu tano za zamani na kufuta mstari wa chini. Ameshafika sehemu ya hamsini. Mstari mpya unasomeka: *Hadithi: Dada. Mnyama: Baba. Michoro: mimi.* Mzee ameuona na kuridhika na cheo chake. Huwaambia majirani kwamba bila yeye kukanyaga breki usiku ule, kusingekuwa na Muhanga wa kuchorwa.

Wasomaji wameona mabadiliko na wameanza kuuliza huyu Dada ni nani. Hajawajibu. Ijumaa iliyopita aliwachorea ukurasa mmoja tu: Muhanga ameketi chini, amechoka, kucha zake zimejaa vumbi, na msichana amekaa kando yake wanangoja. Watu elfu thelathini na nane wamegombana naye, na wengine wamesema hawarudi tena.

Ameshaandaa karatasi ishirini na nne zilizoharibika, amezinyoosha chini ya kamusi, na amenunua chupa mpya ya wino. Tulimuuliza, je, kama mlango wa tisa ni wa kitoto, kama ni kitu alichobuni mtoto wa miaka tisa aliyechoka, na baada ya kungoja kote huko wasomaji wakauchukia?

Alifikiri akiwa anapanga karatasi. Nje, mteja wa kwanza alikuwa anagonga shata kwa funguo.

"Nitauchora hivyo hivyo," alisema. "Mimi nataka kuusikia tu. Safari hii silali."